Walibipu Mara Mbili, Mtambo Wangu Ukahesabu Moja

Baba mkwe wangu ana mguu mmoja, na aliyemfanya hivyo ni mimi. Sikumgonga na gari wala sikumkata na panga. Nilikaa kwenye kiti hapa Mpanda mjini, nikiwa na hasira, nikaandika mistari sita kwenye kompyuta. Mistari hiyo ndiyo iliyomla mguu. Na nilipogundua, nikanyamaza, nikaacha mtu mwingine abebe dhambi yangu.

Nitukaneni. Nimeshajitukana mwenyewe mpaka maneno yameisha, nyie ongezeni.

Jina siliweki kwa sababu ya mke wangu na watoto. Watu wa mtaani kwangu wanajua ni nani, hilo mtaliona mbele. Mjini wananiita Injinia. Injinia, jamani! Nina steshenari karibu na soko, natoa kopi, napiga picha za pasipoti, nawajazia watu fomu za mtandaoni. Kuandika programu nilijifunza mwenyewe kwenye video, bando baada ya bando. Mtu akinipa mkono akasema "Injinia, shikamoo," na mimi mpumbavu nilikuwa naitikia.

Mke wangu ni mtoto wa mrina asali. Baba yake, nitamwita Mzee Gerevasi, ni Mkonongo, amerina asali msitu wa Ugalla tangu ujana wake. Msimu ukifika warina asali hawakai nyumbani. Wanaingia msituni wawili wawili au watatu watatu, wanaweka kambi ambayo tunaiita dago, wanakaa huko wiki tatu, mwezi, wanashusha mizinga na kukamua mpaka madumu yajae. Huko ndani mtandao hakuna. Unaupata ukipanda kilima, na hata hapo ni wa kuvizia, sauti haipiti. Simu inaita, inakata.

Kwa hiyo wana utaratibu wao tangu simu zilipoingia. Jioni mmoja anapanda kilimani, anabipu mjini. Bipu moja ni kusema tuko wazima. Ukikata, ukahesabu pole pole mpaka mia, ukabipu tena, hiyo ni kusema kuna shida, njooni. Hapo huhitaji salio la kuongea, huhitaji kujua kusoma. Hata mtoto wa mrina asali anajua.

Bipu hizo zilikuwa zinaingia kwenye simu ya mwenyekiti wa chama chao. Sasa mwenyekiti naye ni binadamu. Akiwa msibani, akiwa amelewa, simu ikiwa imezima, basi dago zima linabipu hewani. Mimi nikasimama kwenye mkutano nikasema nitawatengenezea mtambo. Namba moja, haichoki, haiendi msibani, hailewi. Watu wakapiga makofi. Mwenyekiti akacheka akasema, "Huyo anayelewa unamsema nani?"

Niwaeleze mtambo ulivyo, bila hivyo hamtauona ujinga wangu ulipo.

Mimi sina seva. Programu yangu inakaa kwenye kompyuta za kampuni huko mbali, na muda mwingi imelala, kwa sababu inalipiwa ikiwa macho tu. Kinachoiamsha ni tukio. Mtu akifungua ukurasa wetu kwenye simu yake aangalie madago, programu inaamka, inamwonyesha, inalala. Hilo ndilo tukio ambalo kila anayejifunza analijua, maana nyuma yake kuna mtu anatazama kioo.

Lakini kuna matukio mengine ambayo hayapiti kwenye ukurasa hata kidogo. Bipu ikiingia kwenye namba yetu, kampuni inayotupokelea simu inatutumia ujumbe, programu inaamka, inaandika. Saa moja jioni kengele ya mtambo inalia, programu inaamka tena, inaangalia nani hajabipu leo. Dago lililobipu mara moja linakuwa kijani ukurasani. Lililobipu mara mbili linakuwa jekundu, na mwenyekiti na mimi tunapata meseji. Lililo kimya linakuwa la njano, na hapo pia tunapata meseji, asubuhi yake pikipiki inatoka.

Msimu wa kwanza ulikwenda vizuri. Wageni wakaja kutuona, wakapiga picha na mimi nimeshika kompyuta. Nilipewa cheti, nikakitundika ukutani juu ya mashine ya kopi.

Msimu wa pili, jioni moja, dago fulani likawa jekundu. Mwenyekiti na wenzake watatu wakatoka alfajiri na pikipiki mbili, nusu siku nzima kwenye mchanga na visiki, pikipiki moja ikapasuka tairi njiani. Kufika wakawakuta jamaa wamekaa wanachoma mihogo, wanashangaa. "Mbona mmekuja? Kuna msiba?"

Mwenyekiti aliporudi hakwenda hata kuoga. Alikuja na vumbi lake mpaka steshenari kwangu, wateja wamejaa, akasema kwa sauti, "Injinia, mashine yako inazaa! Tumetuma bipu moja, imejifungua mapacha!" Watu walicheka mpaka mama mmoja akashika meza. Kwa wiki nzima nikipita sokoni nasikia, "Injinia, mapacha hawajambo?"

Kilichotokea ni kitu cha kawaida kabisa. Programu iliyolala huchelewa kidogo kuamka. Kampuni ya simu ilituma tukio, ikangoja kuambiwa "nimepokea", ikaona kimya, ikatuma tena lile lile. Mtambo wangu ukaandika mawili. Ndivyo matukio haya yalivyo, yanaweza kuja mara mbili, na ni kazi ya aliyejenga kuyatambua. Na dawa ipo! Kila tukio lina namba yake. Likirudiwa linakuja na namba ile ile. Bipu mpya inakuja na namba mpya. Unalinganisha namba, umemaliza.

Hayo niliyasoma. Yameandikwa kwenye maelekezo yao, nimeyasoma kwa macho yangu haya. Lakini ilikuwa kazi ya siku nzima, inabidi uhifadhi namba, ujaribu, urekebishe. Mimi sikutaka siku nzima. Nilitaka kicheko kile kiishe leo leo.

Nikaandika mistari sita. Ujumbe ukitoka kwenye simu ile ile ndani ya dakika kumi, ni rudio, tupa.

Kuhesabu mpaka mia pole pole ni dakika mbili. Mimi nikaweka kumi! Na nilijua! Nimeoa kwa mrina asali, nimekula ugali na asali kwenye sahani yao, najua bipu mbili ni nini kuliko mtu yeyote aliyewahi kugusa kompyuta hapa mjini. Siku ile sikuwaza bipu. Niliwaza mapacha.

Sasa sikilizeni nilivyojaribu. Ukurasani kwangu nilikuwa nimeweka kitufe cha majaribio, ukikibonyeza mtambo unajifanya umepokea bipu. Nikabonyeza mara mbili. Ukaandika moja, dago kijani. Nikasema safi sana, nikafungua soda. Kitu kilichokuwa kibovu nilikiona mbele yangu kinafanya ubovu wake, nikajipongeza! Simu ilikuwa mfukoni mwangu. Ningeitoa, nikabipu, nikahesabu mia, nikabipu tena, kama mtu wa kilimani. Sikuitoa.

Mwezi uliofuata Mzee Gerevasi aliingia msituni na Nestori.

Nestori ni mrina asali wa Katumba. Amezaliwa pale, aliyekuja kutoka Burundi ni babu yake, akikimbia mauaji ya enzi zile za sabini na mbili. Ni mtu mpole, mwembamba, anayepanda mti huku anaongea na nyuki kwa Kirundi. Mzee alikuwa anampenda, alikuwa anasema huyu ndiye atakayerithi dago langu, maana nyie wakwe zangu mmeolewa na kompyuta.

Jumanne Mzee alikuwa anashusha mzinga, kamba ikakatika. Alianguka. Mfupa wa chini ya goti ukatoka nje. Simu yake ilikuwa kwenye mfuko wa shati, ikapasuka vipande. Ilibaki kitochi cha Nestori, kile kisimu kidogo cha vitufe, na ndani yake hakuna salio la kuongea.

Nestori akamfunga mguu kwa magome na shati lake. Akataka kumpakia kwenye baiskeli amsukume mpaka kijiji cha kwanza, siku moja na nusu kwa mwendo wa shida. Mzee akakataa. Alisema, "Kubipu ni bora. Injinia ataona. Kesho mchana pikipiki ziko hapa."

Nestori akapanda kilima, saa nzima ya miiba na mawe. Akabipu. Akahesabu mia. Akabipu tena.

Mtambo wangu ukapokea tukio la kwanza, ukaandika wazima. Ukapokea la pili, ukasema hili ni rudio, ukalitupa. Ukurasani dago likawa kijani.

Jumatano hakuna aliyekuja. Nestori akapanda tena, akabipu mbili. Kijani. Alhamisi, mbili. Kijani. Ijumaa, mbili. Kijani! Mzee ameanza kutetemeka kwa homa, mguu unanuka, baiskeli haimbebi tena, na mimi huku mjini nina ukurasa wa kijani kama majani ya mpunga.

Na msifikiri hakuna aliyeshtuka. Alhamisi hiyo mama mkwe alikuja steshenari. Hakukaa. Alisimama pale mlangoni na kanga yake, akasema, "Baba, mzee hajanibipu mimi."

Hao wazee wana mambo yao. Mzee akishabipu mtambo, anambipu na mkewe, bipu moja tu, kila jioni, msimu wote, miaka yote. Wiki ile hajabipu tangu Jumanne.

Nikamwambia, "Mama, chaji itakuwa imeisha. Njoo uone." Nikageuza kompyuta. "Unaona hapa? Dago namba saba, la mzee. Kijani. Wamebipu jana, wamebipu juzi."

Akatazama. Akasema, "Mimi kijani sikijui. Namjua mume wangu. Mpe mtu pikipiki aende."

Nikacheka, naapa nilicheka. Nikasema, "Mama, tukituma pikipiki halafu tuwakute wanachoma mihogo, mwenyekiti atatula nyama. Mtambo haudanganyi."

Aliondoka bila kuniaga. Yule mama hajawahi kuniomba kitu tangu nimeoa kwake, na siku aliyoniomba nilimwonyesha rangi.

Jumamosi betri ya kitochi cha Nestori ikazima kabisa. Hakubipu. Saa moja jioni kengele ikalia, programu ikaamka, ikaona dago saba liko kimya, ikatutumia meseji. Jumapili asubuhi tukatoka, mwenyekiti na mimi na pikipiki mbili.

Mmeelewa hapo? Rudieni kusoma. Kama Nestori angelala tu Jumanne ile, asipande kilima, asibipu kabisa, mtambo ungepiga kelele jioni ile ile, na Jumatano tungekuwa tumefika! Kilichomchelewesha Mzee ni kwamba mwenzake alihangaika kuomba msaada. Hilo ndilo linalonichoma kila ninapokaa.

Tulisikia harufu kabla hatujaona kambi. Mzee alikuwa amelala chini ya turubai, macho yamezama, anaongea maneno ambayo hayaeleweki. Nestori alikuwa anampepea nzi na tawi. Miguu yake yeye mwenyewe imechanika mpaka magotini. Alinitazama mimi, hakumtazama mwenyekiti.

"Injinia," akasema, "mmepita wapi siku zote hizi? Nimebipu mbili, mbili, kila jioni."

Nikasema tumbebe kwanza.

Hospitali walifanya walichoweza. Waliukata juu ya goti. Daktari alituambia mguu ule ungefika Jumatano, ungepona.

Nilirudi dukani, nikafunga mlango, nikafungua kumbukumbu za mtambo, zile ambazo hazionekani ukurasani. Bipu zilikuwa nane. Jumanne mbili, Jumatano mbili, Alhamisi mbili, Ijumaa mbili. Kila ya pili ina namba yake mpya kabisa ya tukio, na pembeni yake maneno niliyoandika mwenyewe kwa mkono wangu: rudio, limetupwa. Nilikaa pale nimeshika kichwa. Nilijua kila kitu siku ile. Msije mkasema sikujua.

Wiki iliyofuata chama kikakaa. Mwenyekiti akasema Injinia fungua ukurasa watu waone. Nikafungua. Jumanne wazima, Jumatano wazima, Alhamisi wazima, Ijumaa wazima. Bipu moja, moja, moja, moja.

Mtu mmoja nyuma akasema, "Kumbe alikuwa anabipu wazima huku mzee anaoza!"

Basi ikawa moto. Anataka mizinga ya mzee! Si mzee alisema atamrithisha dago? Alikuwa anangoja afe! Mwingine akapaza sauti, "Mkimbizi ni mkimbizi tu!" Mtu aliyezaliwa hapa, anayelima hapa, aliyezika wazazi wake hapa! Na aliyepaza sauti hiyo, mwanawe mdogo alipobatizwa msimamizi wake alikuwa Nestori.

Nestori akatoa kitochi chake. Alikuwa amekichaji, lakini simu zile za zamani betri ikiisha kabisa zinasahau kila kitu, saa, tarehe, orodha ya simu. Ikaonyesha tupu. Watu wakazomea.

Akanigeukia. "Injinia, wewe unajua mashine. Angalia vizuri. Nakuomba uangalie vizuri."

Karatasi zenye mistari minane nilikuwa nazo kwenye begi, miguuni kwangu. Nilizitoa kwenye printa mwenyewe, sijui nilizibeba za nini. Nikasema, "Mtambo unaonyesha bipu moja moja."

Sentensi hiyo tu. Wala si uongo, ukiutazama ukurasa. Ndivyo nilivyojiambia, mbwa mimi.

Wakamfuta kwenye chama. Dago lake akapewa mtu mwingine. Alipopita mbele ya mama mkwe, yule mama akageuza uso. Habari ikatembea, ikafika mnadani, ikafika mpaka kijiji cha Mamba kwa wakulima wa mpunga wasiojua hata asali inarinwaje, kwamba kuna Mrundi wa Katumba alimwacha mzee wa watu aoze ili achukue mizinga. Mkewe alifukuzwa kwenye kikundi cha wanawake. Na mimi nikaendelea kutoa kopi.

Miezi miwili nilikaa hivyo. Mke wangu akawa ananiuliza mbona huli. Namwambia ni malaria.

Kisha siku moja Mzee Gerevasi akaja steshenari na magongo yake. Bodaboda alimshusha mlangoni. Nikamwamkia, nikamvutia kiti, akakaa, akaweka magongo juu ya mapaja.

"Nimekuja na jambo moja," akasema. "Homa iliniondoa akili, lakini siku mbili za mwanzo nilikuwa nazo. Nestori alikuwa anarudi kutoka kilimani anatweta, damu miguuni. Mtu anayetaka nife, kilima anapandia nini? Si angekaa tu anywe uji?"

Nikazima mashine ya kopi.

"Mimi mashine sizijui. Wewe unazijua. Siku zile nne, mashine ilikuwa inapokea?"

Nikasema, "Ilikuwa inapokea, baba."

"Bipu ngapi?"

"Mbili mbili."

"Na ile ya pili ikifika, mashine ilikuwa inasema nini?"

"Ilikuwa inasema nimeshasikia."

Nililia mbele ya wateja. Mzee hakunishika bega, hakunitukana. Alikuwa anatazama cheti changu ukutani, ingawa kusoma hajui. Baadaye akasema, "Mama yako alikuomba pikipiki." Nikasema ndiyo. Akasema, "Haya. Nenda kwa Nestori," akainuka na magongo yake, akakataa msaada wangu.

Nilikwenda Katumba siku hiyo hiyo. Nestori alikuwa anafunga majani ya tumbaku kwenye fito, si yake, ni kibarua. Aliniona nikija, hakuacha kazi. Nikamweleza yote nimesimama juani, mistari sita, dakika kumi, karatasi kwenye begi. Nikapiga magoti.

Akauliza, "Umekuja na nani?"

Nikasema peke yangu.

"Mimi nilitukanwa mbele ya watu wote. Wewe unakuja kuomba msamaha peke yako, kwenye tumbaku?" Akachukua jani lingine. "Inuka, unanichafulia kazi."

Alikuwa na haki! Kila neno! Hata kuungama nilitaka niungamie mahali ambapo hakuna anayeniona.

Basi nikamwomba mwenyekiti aitishe mkutano. Niliwafuata watu mmoja mmoja, hata wale waliozomea, hao ndio niliowataka zaidi. Nestori alikuja na mkewe, wakakaa mwisho karibu na mlango. Mzee na mama mkwe wakakaa mbele. Nikasimama na zile karatasi, nikasoma mistari yote minane, siku na saa, na pembeni yake maneno yangu. Rudio, limetupwa. Rudio, limetupwa. Nikawaambia nilijua tangu siku tuliyomtoa Mzee msituni, na kwamba siku walipomfuta Nestori karatasi zilikuwa miguuni kwangu.

Yule aliyepaza sauti kwamba mkimbizi ni mkimbizi tu alikuwa anatazama viatu vyake. Nikamtaja kwa jina, nikamwambia simama na wewe. Hakusimama. Mwenyekiti akaanza kusema mambo ya kusameheana, sisi ni ndugu, ibilisi alipita hapa. Mama mkwe akamkatisha, "Ibilisi gani? Mtu huyu hapa amesema ni yeye!"

Kisha Nestori akainuka. Akaja mpaka mezani kwenye kompyuta yangu, ukurasa umefunguliwa. Mtambo nilikuwa nimeshaurekebisha siku iliyofuata baada ya kutoka Katumba, kwa namba za matukio, ilinichukua siku moja. Siku moja tu, kama nilivyojua tangu mwanzo!

Akatoa kitochi chake, akabipu. Dago saba likawa kijani. Halafu akaanza kuhesabu kwa sauti. Moja, mbili, tatu. Hakuruka. Ukumbi mzima ulikaa unamsikiliza akihesabu, na alipofika hamsini mkewe akafunika uso na kitenge. Tisini na tisa. Mia. Akabipu tena.

Dago likawa jekundu, simu ya mwenyekiti ikalia meseji mfukoni mwake.

Nestori akasema, "Sasa mnajua ni muda gani nilikuwa nahesabu kule juu, kila jioni." Akaagana na Mzee, akamshika mkewe mkono, wakaondoka. Chama kimemwandikia barua arudi, achukue tena dago lake. Hajajibu, na mimi sitamwuliza.

Ninaandika hapa kwa sababu ule uongo ulifika mbali kuliko mkutano wetu. Kama umesikia mnadani, au kwenye baiskeli, au kanisani, habari ya Mrundi aliyemwacha mzee aoze, ni uongo, na ulitoka kwangu. Mwambie na aliyekwambia.

Na nyie vijana mnaojenga mitambo ya kuamshwa na matukio, mnaoitwa mainjinia kama mimi, nisikilizeni. Mtu wa ukurasani kitu kikimkosea anaona, anabonyeza tena, anakupigia simu, anakutukana. Mtu wa bipu haoni chochote. Yuko kilimani giza linaingia, ameshika simu, anaamini umepokea. Ukitupa ujumbe wake, hakuna wa kukwambia. Kwa hiyo kabla hujaandika neno tupa, toka nje na simu mkononi, ufanye kama atakavyofanya yeye, uhesabu mia yote. Na mama wa watu akija mlangoni akasema hajasikia sauti ya mumewe, funga kompyuta yako, mpe pikipiki!

Cheti nimekitoa ukutani. Mama mkwe ndiye anayesimamia madago yote sasa, bipu zote zinaingia na kwenye simu yake, na kila jioni saa moja ananipigia. Hasalimii. Anasema tu, "Umesikia ngapi?" na mimi namjibu, na yeye ananiambia alizosikia yeye, ndipo anakata.